Kabureta inasumbua: kufuata tatizo hadi lilipo kwenye pikipiki ya zamani

Pikipiki iliyokuwa ikiwaka kwa kiki moja mwezi uliopita leo inapigwa kiki ishirini. Au inawaka lakini inazima kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka taratibu bila kuvuta mafuta. Au inakaa vizuri sailensa, ila ukivuta mafuta inakohoa na kukosa nguvu. Wengi wakifika hapo hushika bisibisi na kuanza kuzungusha zile skrubu mbili zilizo ubavuni mwa kabureta, na zikishindikana wanakwenda kununua jeti nyingine, yaani kile kipande cha shaba chenye kijitundu kinachopima petroli. Kwa kawaida hatua hizo mbili huongeza tatizo juu ya tatizo. Jeti haikui wala haisinyai kwa mwezi mmoja, na skrubu iliyobanwa na springi haihami hovyo. Mashine iliyokuwa inaenda vizuri na sasa haiendi ina kitu kilichoziba, kilichochakaa, kinachovujisha hewa au kinachovujisha mafuta. Kazi ni kukitafuta kitu hicho. Kutuni, yaani kurekebisha kwa skrubu, huja mwisho kabisa, na mara nyingi hakuhitajiki.

Njia nne za mafuta ndani ya kabureta moja

Pistoni inaposhuka huvuta hewa kupitia koo la kabureta. Koo hilo limebanwa katikati, na hewa ikipita penye wembamba huongeza kasi huku presha yake ikishuka. Chini ya koo kuna bakuli la petroli ambalo linapumua: limeunganishwa na hewa ya nje kwa kijitundu au kimrija. Kwa kuwa presha ya nje ni kubwa kuliko ya kooni, petroli husukumwa kutoka bakulini, hupita kwenye jeti na kutokea kooni ikiwa matone madogo. Petroli huungua kikamilifu ikipata hewa takriban mara 14.7 ya uzito wake. Petroli ikizidi tunasema mchanganyiko ni mzito. Ikipungua, ni mwepesi. Matatizo ya kabureta, hata yakija na sura kumi, huishia kwenye moja ya hayo mawili. Swali linalobaki ni: linatokea wakati mkono wa mafuta, ule unaozungusha kuongeza kasi, uko wapi?

Swali hilo ndilo ufunguo, kwa sababu kabureta ina njia nne za kupitishia mafuta na kila moja ina zamu yake. Mkono ukiwa umefungwa hadi kama sehemu moja ya nane, injini inaishi kwa njia ya sailensa: jeti ndogo, skrubu ya mchanganyiko, na vijitundu vidogo sana vinavyotokea kooni karibu na ukingo wa slaidi au kipepeo, yaani kizibo cha koo kinachofunguka unapovuta mafuta. Kutoka hapo hadi robo, mkato ulio chini ya slaidi ndio unaotawala. Kutoka robo hadi robo tatu ni sindano ndefu iliyoning'inia kwenye slaidi pamoja na tundu inamopita, yaani jeti ya sindano. Kutoka robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa. Zamu hizi zinaingiliana kidogo mipakani, lakini si kiasi cha kukupoteza.

Kasi ya barabarani haihesabiki hapa, wala mizunguko ya injini. Unaweza kuteremka mlima kwa kasi kubwa mkono ukiwa robo tu, na ukapanda mlima polepole mkono ukiwa umefika mwisho. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, bandika kipande cha tepu kwenye mpira wa mkono wa mafuta na kingine kwenye kishikio chake, kisha chora alama: umefungwa, robo, nusu, robo tatu, mwisho. Endesha ukitazama tatizo linajitokeza kwenye alama ipi. Ni kazi ya dakika tano, nayo huokoa siku nzima ya kufungua na kufunga.

Pikipiki za zamani zina kabureta za namna mbili. Kwenye ya kwanza, waya wa mafuta unavuta slaidi moja kwa moja. Kwenye ya pili, ya vakyumu, waya unafungua kipepeo tu, na slaidi inapandishwa na mvuto wa injini ukisaidiwa na dayaframu ya mpira iliyo chini ya kifuniko cha juu. Jua yako ni ya aina gani, maana ya pili ina ugonjwa wake ambao ya kwanza haina.

Vitu vinavyosingiziwa kabureta

Kabla ya kufungua kabureta, ondoa washukiwa wa nje. Anza na kifuniko cha tangi. Kina kijitundu cha kuingizia hewa. Kikiziba kwa vumbi au kutu, tangi linajenga mvuto na petroli inagoma kushuka. Dalili yake haifichiki: pikipiki inaenda vizuri dakika 10 au 20, inaanza kukosa nguvu, inazima, kisha ukiiacha itulie inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Ikizima tena, fungua kifuniko papo hapo. Ukisikia hewa ikiingia kwa mluzi na pikipiki ikawaka, umelipata tatizo bila kushika hata spana moja.

Kisha chomoa mrija wa mafuta kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa na ufungue koki. Petroli inapaswa kutoka kwa mfululizo usiokatika, na iendelee hivyo kwa muda. Ikidondoka tone kwa tone, tazama chujio lililo juu ya koki ndani ya tangi, chujio la njiani na mrija wenyewe, kama umejikunja au umeoza kwa ndani. Kwenye koki zinazofunguliwa na vakyumu ya injini, mafuta hayatoki injini ikiwa imezimwa, isipokuwa ukiweka alama ya PRI, inayoruhusu mafuta kupita bila vakyumu. Koki hizo zina hatari ya pekee: dayaframu yake ikipasuka, petroli hupita kwenye mrija wa vakyumu na kuingia moja kwa moja kwenye injini. Ukichomoa mrija huo mwembamba ukaukuta umelowa petroli, koki imekufa, na hakuna kutuni kutakakoponya mchanganyiko mzito unaotokana nayo.

Umeme nao husingizia kabureta kila siku. Tofauti ya kuisikilizia ni hii: umeme ukikatika, injini hukata ghafla kama umezima swichi, kisha hurudi ghafla vilevile. Mafuta yakipungua, injini huchoka taratibu. Weka plagi mpya yenye nafasi iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, ambayo kwa nyingi iko kati ya milimita 0.6 na 0.8, kabla ya kuanza utafiti wowote. Ukipima cheche kwa kuigusisha plagi kwenye injini, iweke mbali na tundu la plagi na mbali na petroli yoyote iliyomwagika.

Valvu zilizobana ndizo zinazodanganya zaidi. Nafasi ya valvu ikiisha, valvu haifungi sawasawa, kompresheni inavuja, injini inawaka kwa shida na inakataa sailensa, hasa ikipata moto. Dalili hizo ni zilezile za jeti ndogo iliyoziba. Injini nyingi ndogo za silinda moja hutaka nafasi ya karibu milimita 0.05 hadi 0.10 injini ikiwa baridi. Fuata kitabu chako, pima kwa fila, yaani vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, na pima kwanza. Filta ya hewa ni rahisi: ikiwa imejaa vumbi au imelowa oili kupita kiasi, mchanganyiko unakuwa mzito kila mahali. Ikiwa imeondolewa, au imewekwa filta ya wazi isiyo ya pikipiki hiyo, unakuwa mwepesi.

Choki ni kifaa cha kupimia

Wengi wanaijua choki kama kitu cha asubuhi ya baridi. Fundi anaitumia pia kuuliza swali. Ukivuta choki unaufanya mchanganyiko uwe mzito kwa makusudi. Basi ifikishe pikipiki pale tatizo linapojitokeza, kisha vuta choki kidogo. Hali ikiwa nafuu, mchanganyiko ulikuwa mwepesi na umeongezewa kilichokosekana. Ikiwa mbaya zaidi, tayari ulikuwa mzito.

Mkono ukiwa mwisho kuna kipimo kingine kisichohitaji choki. Kwenye barabara isiyo na watu, vuta mafuta hadi mwisho, kisha rudisha mkono kidogo tu, hadi kama saba ya nane. Injini ikiongeza nguvu ulipopunguza mafuta, jeti kubwa inatoa kidogo: imeziba au petroli haifiki bakulini kwa kasi inayotakiwa. Injini ikinguruma kwa uzito na kutoa moshi mweusi mkono ukiwa mwisho, ikasafika ulipopunguza, jeti kubwa inapitisha mafuta mengi kuliko hewa inayopatikana.

Plagi inathibitisha, ila isomwe kwa haki. Plagi iliyotolewa baada ya pikipiki kukaa sailensa dakika kumi inaeleza habari za sailensa tu. Endesha kilomita moja au mbili ukiwa na mkono kwenye alama unayoichunguza, zima injini huku ukishika klachi, simama mahali salama, kisha toa plagi. Kahawia ya mchanga ni sawa. Masizi meusi makavu ni mzito. Weupe wa majivu, au kauri yenye vipele vidogo, ni mwepesi, na hapo usiendelee kuendesha kwa nguvu, kwa sababu mchanganyiko mwepesi unapandisha joto na unaweza kutoboa pistoni. Weusi wenye unyevu wa oili si habari ya kabureta. Ni ringi au sili za valvu.

Ikikataa sailensa

Hapa ndipo kesi nyingi ziliko, na sababu ni ukubwa wa jeti ndogo. Kwenye kabureta za Keihin namba ya jeti ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita: jeti namba 38 ina tundu la milimita 0.38. Pikipiki ikikaa wiki kadhaa bila kuwashwa, sehemu nyepesi za petroli huvukiza na kuacha utomvu wa kahawia unaonata. Utomvu kidogo ambao jeti kubwa haitauhisi unatosha kuifunga jeti ndogo kabisa. Petroli yenye ethanoli huvuta pia unyevu wa hewani, na maji yanayotulia chini ya bakuli huacha ukoko mweupe au wa kijani kwenye shaba na alumini.

Jeti ndogo ikiziba, pikipiki huwaka na choki tu, hukaa na choki tu, na huzima mara unapoirudisha. Ukivuta mafuta kutoka sailensa inajikwaa kwanza kabla ya kuitika. Ukiachia mafuta kwenye mteremko bomba la moshi linapiga risasi ndogondogo, ingawa hilo laweza pia kutoka kwenye gasketi ya ekzosi inayovuja, hivyo usilichukue peke yake kuwa ushahidi.

Kuna mwenzake anayefanana naye: hewa inayoingia nyuma ya kabureta. Mpira unaounganisha kabureta na injini hukauka kwa miaka na kupasuka, mara nyingi upande wa chini usioonekana, au oringi yake inabapa. Hewa ya wizi inayopita hapo haijapimiwa petroli. Alama yake ni mizunguko inayopanda na kushuka yenyewe, au injini inayobaki juu sekunde kadhaa baada ya kuachia mafuta ndipo ishuke. Chukua chupa ya kupulizia maji, injini ikiwa sailensa, upulizie kidogokidogo kuzunguka mpira na maungio. Sauti ikibadilika, umepata ufa. Mafundi wengi hutumia spreyi ya kusafishia kabureta kwa kipimo hiki, na inaonyesha vizuri zaidi, lakini kupuliza kitu kinachowaka moto karibu na ekzosi ya moto ni hatari isiyo na sababu wakati maji yapo.

Sailensa ikiwa nzito badala ya nyepesi, yaani plagi inalowa, moshi unanuka petroli, na pikipiki ikipata moto inakuwa ngumu kuwaka, tazama choki kwanza. Kwenye kabureta nyingi choki si kipepeo bali ni kijipistoni kinachofungua njia ya ziada ya mafuta. Mpira wa ncha yake ukichakaa, au waya wake ukibana, choki haifungi kamwe hata kama mkono wake umerudishwa. Baada ya hapo tazama kimo cha petroli bakulini.

Inapomwaga

Petroli ikidondoka kwenye mrija wa chini ya kabureta, wengi huita ni “kabureta imekufa”, na kumbe mhusika ni mmoja kati ya wanne. Boya linapanda na petroli na kuisukuma sindano ndogo izibe kiti chake. Wa kwanza ni uchafu: ukikaa kati ya sindano na kiti, mafuta hayakomi. Kwa pikipiki iliyokaa muda mrefu, gonga bakuli polepole kwa mpini wa bisibisi mara mbili tatu. Sindano iliyonata huachia. Isipoachia, fungua. Wa pili ni sindano na kiti chake. Tazama ncha ya sindano kwa kioo cha kukuza: ikiwa na mfereji wa duara uliochongwa na kiti, badilisha sindano, na kama kiti kinatoka, kibadilishe pia. Sindano mpya kwenye kiti kilicholika haitadumu.

Wa tatu ni boya lenyewe. La shaba hupata ufa na kunywa petroli. Litikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ikicheza ndani, limetoboka. Ukitaka kuona tundu, litumbukize kwenye maji ya moto na utazame mapovu yanakotokea. La plastiki linaweza kulemaa na kukwaruza ukuta wa bakuli, na alama za kukwaruza utaziona. Wa nne ni yule anayesahauliwa: bomba dogo la shaba lililosimama ndani ya bakuli, ambalo kazi yake ni kutoa nje petroli iliyozidi. Likipata ufa, petroli hutoka hata kama kimo ni sahihi kabisa, na unaweza kubadilisha sindano tatu bila kupona. Jaza bakuli petroli ukiwa umelishika mkononi, subiri dakika chache, utazame kama linadondosha chini.

Kimo cha boya hupimwa kabureta ikiwa imelazwa kwa pembe ambayo ulimi wa boya unagusa tu kijipini chenye springi cha sindano bila kukididimiza. Ukiigeuza juu chini kabisa, uzito wa boya unakandamiza springi na kipimo kinakuwa cha uongo. Pima kutoka uso wa ungio la bakuli hadi sehemu ya boya iliyo mbali zaidi, milimita zilizoandikwa kwenye kitabu. Kipimo kikiwa kikubwa, petroli inakaa chini. Kikiwa kidogo, inakaa juu. Unarekebisha kwa kukunja kile kiulimi kidogo sana, si kwa kukunja mikono ya boya.

Kabureta iliyomwaga usiku kucha ikaguliwe pamoja na oili. Petroli isiyotoka nje huenda imepita kwenye silinda na kushuka kwenye oili. Kiwango cha oili kikiwa kimepanda, au kijiti cha kupimia kikinuka petroli, usiwashe injini. Badilisha oili kwanza, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi.

Katikati na juu

Sindano ya slaidi hupanda na kushuka ndani ya jeti ya sindano kila unapovuta mafuta, na baada ya maelfu ya kilomita tundu la jeti hiyo huwa la yai badala ya la mviringo. Pikipiki inakula mafuta kuliko zamani, inanguruma kwa uzito mkono ukiwa kati ya robo na nusu, lakini mwisho wa mkono inakwenda vizuri. Kushusha sindano kunaficha tatizo kwa muda tu; badilisha sindano na jeti yake kwa pamoja. Sindano nyingi zina mifereji mitano ya klipu, na wa katikati ndio wa kuanzia. Klipu ikipandishwa juu, sindano inashuka na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Ikishushwa, unakuwa mzito. Watu hukosea hapa kwa kufikiria klipu na sindano zinakwenda upande mmoja.

Kwenye kabureta ya vakyumu, injini inayokaa sailensa vizuri na kugoma kupanda zaidi ya hapo kati huwa na dayaframu iliyotoboka. Iinue mbele ya mwanga na uivute taratibu, ukitafuta nukta za mwanga. Slaidi yake ipande na kushuka bila kukwama, na isipakwe oili, kwa kuwa oili hunasa vumbi na kuifanya ikwame.

Jeti kubwa huziba mara chache. Tatizo la mwisho wa mkono likionekana, kwa kawaida ni petroli isiyofika bakulini kwa wingi, kwa hiyo rudi kwenye koki, chujio na kifuniko cha tangi. Ikiwa pikipiki imehamishiwa milimani, hapo ndipo mazungumzo ya jeti tofauti yana maana: kila ukipanda takriban mita 1,000, hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 10, na mchanganyiko uliokuwa sawa huko chini unakuwa mzito. Ukinunua, nunua ya kampuni ya kabureta yako. Namba za Keihin na za Mikuni hazilingani, na jeti isiyo na jina haiaminiki namba yake.

Kusafisha, si kupuliza tu

Fanya kazi penye hewa, mbali na moto na sigara, macho yamekingwa. Funga koki, toa petroli yote bakulini kwenye chupa nyeupe uone kama kuna maji au kutu. Kutu ikiwepo, tatizo liko kwenye tangi na litarudi baada ya wiki usipolisafisha. Skrubu za kabureta za Kijapani zinaonekana kama za nyota ya kawaida, lakini ni za JIS, yaani kiwango cha viwanda cha Kijapani, na bisibisi ya kawaida huteleza na kuzila. Tafuta bisibisi ya JIS, kandamiza kwa nguvu kuliko unavyozungusha.

Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, izungushe ndani polepole ukihesabu hadi iguse, na uandike hesabu hiyo. Isikazwe ikishagusa, maana ncha yake itaharibu kiti ndani ya kabureta na hicho hakina spea. Ukiitoa, zifuatane nayo springi, washa ndogo na oringi. Mbili za mwisho hubaki ndani ya tundu mara nyingi, na spreyi huzirusha zikapotea. Toa kila mpira na plastiki, pamoja na dayaframu, kabla ya kupulizia dawa ya kusafishia, kwa sababu dawa hiyo huvimbisha mpira.

Jeti ni ya shaba laini. Waya wa chuma unapanua tundu na kuiharibu jeti moja kwa moja. Tumia unyuzi mmoja wa waya wa shaba wa umeme au wa nailoni, loweka kwenye dawa, kisha upepo wa kompresa. Shika jeti dhidi ya anga: tundu lionekane la mviringo safi, lenye kingo kali. Lakini jeti safi ni nusu ya kazi. Njia zilizochimbwa ndani ya mwili wa kabureta ndizo zinazoachwa. Puliza dawa kwenye tundu la skrubu ya mchanganyiko na uhakikishe inatoka sehemu zote zinazostahili: kwenye kijitundu cha kooni, kwenye kiti cha jeti ndogo, na kwenye tundu la hewa lililo mdomoni upande wa filta. Ziba mawili kwa vidole ulazimishe litoke la tatu. Njia moja ikikataa, usifunge. Loweka tena na urudie.

Wakati wa kurudisha, jeti zikazwe kwa nguvu ya vidole vilivyoshika bisibisi karibu na ncha, basi. Mwili wa kabureta ni laini na nyuzi zake hazisamehe. Slaidi ya kuvutwa kwa waya iingie mkato wake ukitazama filta ya hewa, na mfereji wake ukae kwenye pini. Ikiingia kinyume, injini itawaka na kupiga kelele bila kushuka. Waya wa mafuta uwe na ulegevu wa milimita 2 hadi 6, na usiongeze mizunguko ukikata usukani kulia na kushoto.

Sasa ndipo kutuni. Rudisha skrubu ya mchanganyiko kwenye hesabu uliyoandika, au kwenye mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipogusa. Endesha dakika 10 injini ipate moto kamili. Weka sailensa ya kitabu, ambayo kwa silinda moja ndogo ni karibu mizunguko 1,300 hadi 1,500 kwa dakika. Zungusha skrubu ya mchanganyiko robo kwa robo, ukisubiri sekunde chache kila mara, hadi uipate sehemu ambayo injini inazunguka juu zaidi na kwa utulivu, kisha shusha sailensa kwa skrubu yake.

Ni lazima ujue skrubu yako iko upande gani. Ikiwa upande wa filta inapima hewa: kuikaza ndani kunafanya mchanganyiko uwe mzito. Ikiwa upande wa injini inapima mafuta: kuikaza ndani kunaufanya mwepesi. Ile ya mafuta ikitaka kutolewa zaidi ya mizunguko mitatu ndipo injini itulie, njia ya jeti ndogo bado imeziba au kuna hewa ya wizi. Ikitaka kukazwa hadi karibu kugusa, mafuta yanaingia kutoka kwingine, na choki au kimo cha boya ndivyo vya kutazama. Ile ya hewa soma kinyume chake.

Kwa injini yenye kabureta mbili au nne, fanya hayo yote kwa kila moja kwanza, halafu uzilinganishe kwa geji za vakyumu. Kulinganisha kabureta ambayo moja ina jeti chafu ni kuzivuruga zote.

Pikipiki itakayokaa zaidi ya mwezi, funga koki na ufungue skrubu ya chini ya bakuli petroli yote itoke. Kabureta kavu haina kitu cha kugeuka utomvu.